Kaka yangu amepona, anataka bastola yake irudi. Nifanyeje?

Mama Doto wa Igoma (mleta mada)

Wakuu, mwangaluka. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kunishauri. Jambo hili nimelibeba mwaka mzima na sijamwambia mtu yeyote nje ya familia.

Kaka yangu mkubwa ananunua mabondo, yaani vibofu vya samaki aina ya sangara. Mnaoishi kandokando ya ziwa mnaijua kazi hiyo: anazunguka mialo ya Ukerewe na Kome akiwa na fedha taslimu, maana mvuvi hauzi bondo kwa ahadi. Walishamvamia mara mbili. Mara ya pili walimpiga nondo begani, na hadi leo mkono wake wa kushoto hauinuki kupita sikio. Baada ya hapo akaomba kibali cha bastola, akapita mtaani, kata, wilaya, mkoa, akapata kihalali kabisa. Hakuna aliyemlaumu. Mimi mwenyewe nilisema afadhali.

Baadaye akaanza kukosa usingizi. Saa nane za usiku anawapigia watu simu kuhusu biashara. Siku moja akachukua mashine tatu za mtumbwi kwa mkopo, asubuhi hiyo hiyo. Tukasema pesa imemchanganya. Halafu akaporomoka. Haogi, hali, anasema amewatia watoto kwenye madeni na wangekuwa na nafuu bila yeye. Tulimpeleka kwa mtaalamu wa kienyeji upande wa Magu, wakaenda mbuzi wawili. Simdharau anayekwenda huko, na mimi nilikuwa kwenye gari.

Usiku mmoja saa tano wifi akanipigia. "Wifi njoo, kaka yako amekaa barazani na ile kitu." Nikamchukua mama, tukapanda bodaboda moja. Tulimkuta kwenye kigoda, bastola mapajani juu ya kitambaa cha njano cha kufutia gari, magazini ameshaitoa. Anatoa risasi moja moja, anazipanga kwenye ukingo wa baraza, anazihesabu, anazirudisha, anaanza upya. Ukimwita hasikii. Wadudu wa ziwani walikuwa wamejaa kwenye taa, wanaangukia risasi, naye anawapuliza taratibu ili zisichafuke.

Mama ana miaka sabini na mbili. Hakupiga kelele. Aliingia jikoni akapasha uji, akajaza bakuli kubwa hadi ukingoni, akatoka nalo. Akamwambia, "Baba, pokea, naungua." Bakuli lile halishikiki kwa mkono mmoja, tena kwa mtu mwenye bega bovu. Akaiweka bastola kwenye mkeka, akapokea kwa mikono miwili. Wifi akaifunika kwa kanga, akaiinua pamoja na kanga yenyewe, akaingia nayo ndani.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hatuna pa kuipeleka. Wifi akaizika kwenye pipa la unga wa dona, nami nikakaa juu ya pipa hadi kukakucha. Asubuhi nikaenda kituoni mikono mitupu, kwa sababu mimi sina kibali na nikikutwa nayo njiani mhalifu ni mimi. Kaunta wakasema mwenye silaha aje mwenyewe. Nikasema mwenyewe ni mgonjwa wa akili. Nikaulizwa, "Ameua? Ametishia mtu?" Nikasema hapana. "Basi rudi nyumbani ukamtunze ndugu yako."

Hospitali tuliyompeleka siku hiyo walimuuliza habari za usingizi, chakula, pombe, bangi, na kama ukoo wetu una ugonjwa huo. Hakuna aliyeuliza kama nyumbani kuna silaha. Nilimfuata daktari kwenye korido nikamnong'oneza kama mtu anayekiri dhambi. Yeye ndiye aliyempigia mkubwa mmoja wa polisi anayemfahamu. Wakaja askari wawili wamevaa kiraia, wakaitoa ikiwa inadondosha unga, wakampa wifi hati. Hiyo ilikuwa siku ya tatu. Siku tatu bastola iko ndani ya chakula cha watoto.

Sasa kaka ana mwezi wa kumi na moja anatumia dawa. Ugonjwa wake unaitwa baipola, ule wa kupanda juu mno kisha kuporomoka. Amerudi kazini, madeni anapunguza, anacheka. Jumapili baada ya kula akaniambia, "Mdogo wangu, nataka silaha yangu. Ninyi mmeshanifanya kichaa wa maisha." Sikuwa na jibu. Akivamiwa tena akiwa mikono mitupu, nitamwangaliaje wifi? Na akiporomoka tena akiwa nayo?

Mvuvi wa Kome

Pole sana dada. Mimi nasema mrudishieni, na sisemi kwa sababu napenda silaha.

Nina mitumbwi minne. Ziwani usiku hakuna kituo cha polisi. Wanakuja na mtumbwi wenye mashine kubwa kuliko yako, wanachukua mashine, nyavu na samaki, wanakuacha unaelea. Sasa wavuvi na wafanyabiashara wakisikia kwamba ukikanyaga kliniki ya akili silaha yako inakwenda, nani atakanyaga? Mwenzangu alizama mbele ya macho yangu na nilikaa miezi miwili silali. Kila nikifumba macho namwona mkono. Sikwenda popote. Moja ya sababu ni hiyo hiyo unayoieleza hapa: niliogopa kuandikwa jina mahali. Mkiwatisha watu namna hii mtabaki na wagonjwa wenye silaha ambao hamwajui kabisa.

Kishiri Moja

Mvuvi, pole na msiba wako, ila mimi na wewe hapana. Petroli na kiberiti havikai kabati moja. Kila aliyewahi kutibiwa akili awekwe kwenye orodha ya nchi nzima na asiguse silaha mpaka anakufa. Tumesahau ile Agosti 25 mwaka 2021 pale Salenda, Dar? Askari watatu na mlinzi mmoja waliuawa mchana kweupe. Nina watoto wanaopita barabarani kwenda shule. Haki ya mmoja isizidi uhai wa wengi.

Nesi wa Zamu

Kishiri, naelewa hofu yako, na mimi nina watoto. Lakini la Salenda usilitie humu. Polisi walilichunguza wakasema ni ugaidi, na kulibandika kwa wagonjwa ni kuwaonea.

Nimefanya kazi wodi ya akili miaka kadhaa. Njoo uangalie mikono ya wanaoletwa. Makovu ya kamba. Vifundo vya miguu vimechubuka kwa minyororo. Wengi wamepigwa na majirani kabla ya kufika kwetu. Na hebu tuseme ukweli wa kanda yetu: vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu macho yao mekundu, na watu wenye ualbino waliowindwa hapa Mwanza, Shinyanga na Geita miaka ile ya 2007 na kuendelea, waliuawa na nani? Na watu wenye akili zao timamu, waliokaa wakapanga, wakataja bei. Hakuna orodha ya wagonjwa ambayo ingewanasa.

Ambaye bastola ya kaka yake Mama Doto ilikuwa hatari kwake ni kaka mwenyewe. Hilo ndilo tunalolikwepa kulisema. Mtu aliyezama kwenye sonona, ile huzuni nzito ya ugonjwa, hana haja na wewe unayepita barabarani. Na saa yake mbaya mara nyingi ni fupi, ikipita anarudi. Akikosa kifaa saa hiyo, anaishi. Akiwa na bunduki, hakuna kurudi. Juu ya hayo Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hiyo familia zinaficha, zinasema aliteleza, alikunywa dawa ya mahindi kwa bahati mbaya.

Dada, lile la kutoulizwa kuhusu silaha limenichoma, kwa sababu na mimi sikuwa nauliza. Nimesoma uzi huu nikiwa zamu. Asubuhi nikamuuliza mzee mmoja aliyeletwa na mwanawe, kwa upole tu, "Baba, nyumbani kuna bunduki?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Gobore, liko darini." Mwanawe alikuwa hajui.

Boda Buzuruga

Duh. Huyo mama na bakuli la uji. Mungu amweke.

Mjukuu wa Nansio

Naandika kutoka Portland, jimbo la Maine, Marekani, nina miaka mingi huku. Ninalolisema nimeliishi kwa karibu, kwa hiyo nivumilieni.

Oktoba 25 mwaka 2023, Lewiston, mwendo mfupi kwa gari kutoka hapa ninapokaa, mwanajeshi wa akiba aliua watu 18 kwenye ukumbi wa kuchezea mpira wa kubingirisha na kwenye baa. Usiku ule na siku iliyofuata tulijifungia ndani. Baadaye ndipo tukajua kwamba mwezi Mei familia yake ilishawaambia polisi kwamba anasikia sauti na ana silaha nyingi. Julai wenzake jeshini walimpeleka hospitali, akakaa wiki mbili. Septemba rafiki yake aliandika kuonya kwamba anaogopa jamaa atafanya mauaji. Askari akaenda nyumbani kwake, hakufunguliwa mlango, akaondoka, suala la silaha likaachiwa ndugu. Tume iliyoundwa kuchunguza ilisema mwaka 2024 kwamba polisi walikuwa na sababu ya kutosha ya kumchukua na kuanza utaratibu wa kuziondoa zile silaha. Sheria ilikuwepo. Dada, ninaposoma ulivyoambiwa "rudi ukamtunze ndugu yako", nasikia maneno yale yale.

Sasa kwa Kishiri na orodha yako. Huku orodha ipo. Tangu sheria ya mwaka 1968, aliyelazwa hospitali ya akili kwa amri, au aliyetamkwa na mahakama kuwa hana uwezo wa akili, haruhusiwi silaha. Aprili 16 mwaka 2007 mwanafunzi mmoja wa chuo cha Virginia Tech aliua watu 32. Desemba 2005 jaji alikuwa amemwamuru atibiwe, lakini kwa kuwa hakulazwa, jina halikufika kwenye orodha, naye akanunua bastola mbili akiwa amepita ukaguzi. Orodha inamshika anayeandikwa tu. Na ukiijaza kila aliyewahi kwenda kliniki, utakuwa umewaadhibu maelfu wasio na hatari yoyote, na kuwafukuza kina Mvuvi wasitibiwe.

Ndiyo maana majimbo kadhaa, Connecticut ikitangulia mwaka 1999, yakaweka njia nyingine. Hawaulizi una ugonjwa gani. Wanauliza: umefanya nini na umesema nini wiki hizi? Jaji anasikiliza, anaagiza silaha zikae pembeni kwa muda, na muda ukiisha kesi inatazamwa upya. Na jambo moja ambalo Watanzania wengi hawalijui: zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki Marekani wanajiua wenyewe. Nesi amesema kweli.

Israel mwaka 2006 jeshi liliona vijana wake wanajiua wakienda nyumbani mwisho wa wiki na bunduki. Hawakuanza kuwapima akili wote. Waliwaambia tu bunduki ziachwe kambini. Vifo vya kujiua vikashuka kwa takribani asilimia 40. Vijana walikuwa wale wale, na shida zao zile zile.

Kishiri Moja

Nimesoma yote mara mbili. Lile la Israel limenifanya nifikiri. Bado naogopa, lakini neno langu la "mpaka anakufa" nalirudisha mfukoni.

Mstaafu Buhongwa

Wanangu, nimelitumikia Jeshi la Polisi miaka thelathini na mmoja, sehemu kubwa kwenye ghala la silaha. Dada, kwanza nakuomba radhi kwa niaba ya aliyekuwa kaunta. Hakufundishwa. Sisemi hivyo kumtetea.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka anayepewa silaha awe na akili timamu. Tatizo ni kwamba jambo hilo linaangaliwa siku anapoomba, mtu amevaa shati safi, mwenyekiti wa mtaa anamfahamu, amepita. Miaka saba baadaye amefiwa, amefilisika, halali, ni nani anayemuuliza? Hakuna. Na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatoa njia ya kumfikisha mgonjwa hospitali hata kama yeye hataki, lakini askari anakwenda kumchukua mtu na kurudi naye, bunduki inabaki uvunguni. Sheria mbili, na kati yake kuna mlango uliofungwa.

Na kumnyang'anya mgonjwa peke yake hakutoshi. Mei 12 mwaka 2023 Kampala, askari mmoja alimpiga risasi mkopeshaji fedha ofisini kwake, mchana. Wakubwa zake walishamzuia kushika silaha miaka mingi nyuma kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Aliipata wapi? Ilikuwa ya askari mwenzake waliyekuwa wanalala chumba kimoja. Zuio lilikuwa kwenye faili, bunduki ilikuwa chumbani. Tangu nilisome hilo, kila kijana wa ulinzi ninayemkuta analala na bunduki ya kampuni kando ya godoro namwambia.

Kwenye ghala letu wafanyabiashara waliokuwa wanasafiri walileta silaha tukawatunzia, tukawapa hati, wakirudi wanachukua. Hakuna aliyewaita wezi wala wagonjwa. Kwa nini anayekwenda kutibiwa asifanyiwe hivyo hivyo? Ukiniuliza mimi, silaha ya kaka yako isirudi kwa hasira ya Jumapili, wala isikataliwe kwa hofu yenu. Daktari wake aandike. Mkuu wa kituo aandike. Na siku ikirudi, ikae kwenye kasiki la chuma lililofungiwa ukutani, risasi zikae pengine, funguo zikae kwa mtu asiye yeye.

Mvuvi wa Kome

Mzee Mstaafu, shikamoo. Hilo la hati ndilo nilikuwa nalitafuta na sikujua kulisema. Mimi ningeambiwa "leta, tutakutunzia, tarehe fulani daktari akisema uko sawa unachukua, na jina lako halitasomwa mtaani", ningeipeleka mwenyewe kwa miguu yangu. Ninachoogopa ni kupotea kwa silaha na kupotea kwa jina. Kukaa bila silaha miezi mitatu naweza, mwenzangu atatangulia na fedha.

Nimepona Nusu

Sijawahi kuandika humu, nasomaga tu. Mimi ni mgonjwa. Nina skizofrenia, ugonjwa wa akili unaonifanya nihisi visivyokuwepo, nachomwa sindano kila mwezi, ni mwaka wa tisa. Sijawahi kumpiga mtu. Nimepigwa.

Nataka nimjibu Mama Doto jambo moja tu. Mnajadili kaka yako kama hayupo chumbani. Mimi ninapoumwa siwezi kukubali kwamba naumwa, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Lakini nikiwa mzima najua dalili zangu kuliko daktari. Kwangu inaanza kwa kunusa moshi usiokuwepo. Mke wangu anajua, nilimwambia mwenyewe nikiwa mzima: nikikuuliza habari za moshi, chukua simu yangu na kadi ya benki, piga hospitali, hata nikikutukana. Alifanya hivyo mara mbili. Nilimtukana mara mbili. Sijawahi kumlaumu baadaye.

Muulizeni kaka, sasa hivi akiwa mzima, anataka afanyiwe nini akiumwa.

Nesi wa Zamu

Ndugu Nimepona Nusu, asante. Nakuombea.

Boda Buzuruga

Mama Doto umekwenda wapi? Tunasubiri.

Mama Doto wa Igoma (mleta mada)

Nipo wakuu. Siku nne zimepita, nisameheni.

Juzi jioni nilikwenda kwa kaka na simu yangu, nikamsomea uzi huu wote barazani. Niliogopa angekasirika kwamba nimetoa habari za nyumba. Aliposikia la bakuli la uji alimwangalia mama muda mrefu. Alisema hakumbuki uji. Anakumbuka wadudu. Yale ya Nimepona Nusu aliniambia niyarudie, kisha akanyang'anya simu akayasoma mwenyewe.

Nikamuuliza kama tulivyoshauriwa. Akaniambia dalili yake ya kwanza si kukosa usingizi kama tulivyodhani. Ni bei. Akianza kuona kila bei ni ndogo na kila kitu kinanunulika, ndipo inapoanza, siku tano sita kabla ya usingizi kupotea. Mwaka mzima hatukuwahi kumuuliza.

Alimtuma mwanawe daftari la shule, akachana karatasi ya katikati. Ameandika kwa kalamu nyekundu kwa kuwa nyeusi haikuandika. Nainakili hapa kwa ruhusa yake: "Silaha ikae kituoni mpaka daktari aandike. Ikirudi, funguo anakaa nazo mama. Nikinunua vitu vikubwa viwili kwa siku moja, mke wangu aipeleke kituoni bila kuniuliza. Nikikataa, nimeshaanza kuumwa." Amesaini yeye, wifi na mimi. Mama ameweka dole gumba, na wino ulipokosekana akatumia masizi ya sufuria.

Jumatatu tunakwenda na karatasi hiyo kwa mkuu wa kituo. Mzee Mstaafu, nimekuandikia pembeni, naomba kama unaweza utusindikize. Kuhusu fedha, kaka amepata wenzake wawili wa mabondo wasafiri pamoja kuanzia mwezi ujao, wakitoka Kirumba alfajiri.